Damu Mbili, Jina Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kabisa. Leo nimetolewa damu bila kutolewa damu.

Nieleze vizuri, maana hata mimi nikisoma mwakani nitataka kujipongeza. Sisi wa chumba cha kufulia hapa hospitali tumechanjwa homa ya ini, ile inayoitwa B, dozi tatu kila mtu. Sababu ni mashuka. Mashuka ya wodini huja na mambo yake. Leo unakuta kijiko, kesho unakuta meno ya bandia ya mzee wa watu, na siku yako ikiwa mbaya unakuta sindano iliyosahaulika, nayo imeshakuona kabla hujaiona. Kwa hiyo chanjo ni lazima. Mimi sina ugomvi na chanjo. Ugomvi wangu ni na sindano. Nikiiona tu, naanguka.

Basi dozi zote tatu amechomwa mdogo wangu, fundi makochi. Tumefanana kupita kiasi. Mama mwenyewe akituona kwa mgongo hukosea. Ukimvisha kofia ya kufulia, barakoa na aproni yangu yenye jina, hata mimi naweza kumpisha mlangoni nikidhani ni mimi ninayekuja. Sindano kwake si kitu. Anashonea makochi kwa sindano ndefu iliyopinda, na hujidunga nayo huku akisimulia mpira, wala hapotezi neno. Nilimfafanulia hesabu: yeye anapata kinga ya bure, mimi napata alama kwenye kadi, hospitali inapata amani. Hakuna anayepoteza. Akacheka, akasema kaka, wewe huna dawa. Kisha akaenda, kama anavyoenda kila nikimtuma tangu tukiwa wadogo.

Leo ilikuwa siku ya kupimwa damu ili waone kama chanjo imekubali. Akaenda tena. Mimi nilikaa nyuma ya mashine kubwa nikikunja foronya. Amerudi na kipande cha pamba kwenye kiwiko, akakibandua, akanibandikia mimi. Pasi, mwenzangu wa upande wa kunyoosha, kaniuliza kama imeuma. Nikamwambia mwanamume haulizwi swali hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Majibu yametoka! Sista, yule muuguzi wa wafanyakazi, katuletea karatasi zetu hadi chumba cha kufulia.

Ya Pasi inasema kingamwili 640, na mbele yake neno "chanya". Yangu inasema chini ya 2, "hasi". Nilishusha pumzi ndefu. Kila aliyewahi kupimwa malaria anajua mambo haya. Hasi ndiyo njema. Wadudu wachache ndiyo bora. Mimi nina chini ya wawili, yaani hata hao wawili hawajatimia. Maskini Pasi ana mia sita na arobaini. Nilimwonea huruma ya kweli, japokuwa mtu huyu aliwahi kusema kwamba mashuka ninayofua mimi yananuka chura.

Nikamvuta pembeni. Kwa sauti ya chini nikamwambia mambo yalivyo. Nikamshauri asinyanyue kapu zito, apatane na ndugu zake, na kama ana kiwanja akigawe mapema. Nikaongeza kwamba mvuke wa pasi si mzuri kwa mtu mwenye tarakimu kubwa namna ile. Ndipo nikajitolea kuchukua meza yake ya dirishani, kwa moyo wangu mwenyewe.

Meza hiyo nimeitamani tangu nianze kazi hapa. Ina upepo. Ina lango kuu mbele yake, unaona nani anaingia, nani anatoka, na nani kachelewa kuliko wewe. Pasi alinikabidhi. Kaniachia na mto wake wa kukalia. Mchana kutwa nimenyoosha mashuka huku upepo ukinipiga shingoni.

Nyumbani nimemwonyesha mke wangu majibu. Kauliza ni chini ya mbili kati ya ngapi. Nikamwambia afya haina kati ya ngapi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimenyang'anywa dirisha.

Kumbe Pasi alimaliza Jumamosi na Jumapili akiwaaga ndugu. Mama mkwe wake alilia mpaka sauti ikakauka. Asubuhi hii kaenda kwa Sista kuomba likizo ya kwenda kufia kwao, na Sista kacheka hadi akavua miwani. Pasi karudi hapa, kapanda juu ya kapu la mashuka, kawahutubia wenzetu wote.

Kwa maelezo yake, kingamwili si wadudu hata kidogo. Ni walinzi. Chanjo huuonyesha mwili sura ya adui, mwili nao ukaandaa walinzi wa kumsubiri. Wanachopima maabara ni wingi wa walinzi hao. Ukifika kumi na kuendelea, una kinga. Hapa chanya ndiyo njema na hasi ndiyo mbaya, kinyume cha yote niliyokuwa nayajua. Yeye ana mia sita na arobaini. Akaninyooshea kidole, akasema yule pale ana chini ya wawili. Tangu saa tatu naitwa Lango Wazi. Hadi yule mama anayeleta sabuni kaniita hivyo, na mimi humwamkia kila siku.

Nilikaa nyuma ya mashine na aibu yangu. Lakini aibu ilipopoa kidogo, nilishangaa kweli. Walinzi, ndani ya Pasi! Mtu anayeunguza kola za madaktari na kulaumu umeme, kumbe ndani yake limesimama jeshi zima, halilali, haliombi likizo, linamsubiri adui ambaye halijawahi kumwona ila kuonyeshwa tu sura yake. Naye Pasi hana habari. Anajikuna tu na kupiga mluzi. Nilimtazama akinyoosha shuka hadi mwisho, na leo nimeshindwa kumchukia vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Sista kaniita. Nilijua ni kunipa vidonge vya kuongeza walinzi. Nilivaa shati safi.

Alinikalisha kwenye benchi lake, lile lenye ngozi iliyochanika mpaka sponji linachungulia. Kaniuliza kama kweli nilichomwa dozi zote tatu. Nikamwambia kadi ipo. Akasema kadi anaijua, kaisaini yeye mwenyewe, na ndiyo maana hana amani. Mtu aliyechomwa dozi tatu akatoka na chini ya mbili, huwa ni moja kati ya mambo mawili. Labda mwili wake ni mkaidi tu. Watu wa namna hiyo wapo, huchanjwa upya na wengi wao hukubali mara ya pili. Au, na hapo akashusha sauti, kirusi chenyewe kimeshahamia ndani tangu zamani. Chanjo ikikuta nyumba imeshakaliwa haina la kufanya.

Kasema mtu wa hivyo huenda haumwi popote. Anakula vizuri, anafanya kazi, anacheka. Ini lake linaweza kuharibika polepole kwa miaka mingi, au lisiharibike, na hakuna anayejua mpaka apimwe. Nilimsikiliza nimeduwaa. Sikujua kwamba kitu kinaweza kukaa ndani ya mtu miaka yote hiyo bila hata kubisha hodi.

Kwa hiyo anataka vipimo vitatu. Cha kwanza kinakitafuta kirusi chenyewe. Cha pili ni walinzi wale wale tuliopimwa. Cha tatu ni walinzi wa aina nyingine, wa kiini cha kirusi, ambao chanjo haiwezi kuwaleta hata siku moja. Hao huonekana tu kwa mtu aliyekutana na ugonjwa wenyewe.

Nikasema vizuri sana, nitakuja kesho asubuhi. Hesabu yangu ilikuwa nimpigie mdogo wangu. Sista akasema ni sasa hivi. Nikasema nimeacha mashine inajaa maji. Wakati nasema hivyo alikuwa ameshanifunga mpira mkono wa kulia.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, miguu juu ya benchi, na damu yangu mwenyewe imekaa kwenye vichupa mezani inanitazama. Sista alikuwa ananipepea na kadi yangu. Kasema ajabu, mara zote nne zilizopita sikutikisika hata kope, leo nimekuwaje. Nikamwambia nimefunga. Akauliza funga gani. Nikamwambia ya binafsi.

Ijumaa, 14 Machi

Sijawahi kutazamwa namna hii na watu waliosoma.

Kwa Sista nilimkuta pia daktari wa ini, mtu mrefu mwenye miwani anayoipandisha kichwani na kuisahau hapo. Walikuwa na karatasi mbili, ile ya kwanza na hii mpya. Wanaangalia moja, wanaangalia nyingine, wanaangalia mimi. Kirusi: hasi. Walinzi: 380. Walinzi wa kiini: chanya. Daktari kaniuliza kati ya tarehe tatu na kumi na moja nilikula nini. Nikamwambia chakula cha nyumbani. Akaandika.

Halafu kanieleza, na nitayaandika maneno yake wakati bado yananizunguka kichwani. Hasi ya kwanza ni njema, maana yake adui hayumo. Chanya ya pili ni njema, walinzi wapo na wanatosha. Na chanya ya tatu ndiyo inayosimulia hadithi. Walinzi wale hawaletwi na chanjo, hata nichomwe dozi mia. Maana yake ni kwamba zamani niliwahi kuugua ugonjwa wenyewe. Huenda nilikuwa mtoto. Huenda nilipata homa ya siku chache tu, au sikujisikia chochote. Mwili ukapigana, ukashinda, ukaacha walinzi, ukanyamaza.

Nilitoka nje nikakaa kwenye kibaraza cha maabara. Mimi ni mtu ambaye nikiokota kijiko kwenye shuka, hospitali nzima inajua kabla ya chai. Sasa imekuwaje vita vizima vipiganwe ndani yangu na nisiambiwe? Siku hiyo nilikuwa wapi? Labda nilikuwa nacheza gololi. Labda nilikuwa nalia kwa sababu mdogo wangu kapewa kipande kikubwa kuliko changu, na wakati huo huo kuna mahali chini ya mbavu zangu watu wasio na majina walikuwa wananifia. Niliutazama mkono wangu kwa heshima. Nikauomba radhi kwa kuuficha nyuma ya mashine.

Kuna jambo moja halikumwingia daktari akilini. Kasema walinzi hawapandi kutoka chini ya wawili mpaka mia tatu na themanini kwa siku chache bila sababu. Ama mimi ni mtu wa ajabu, ama kile kichupa cha kwanza kilikuwa na damu ya mtu mwingine. Sista akasema kama ni hivyo, basi damu ile ina mwenyewe, na mwenyewe anatembea huko nje akidhani ana kinga.

Nikawahi kusema ni ajabu tu. Nilisema kwa sauti. Habari za vichupa sikuzipenda.

Uvumi umefika chumba cha kufulia kabla yangu. Pasi mwenyewe kaja kuniuliza kama ni kweli, kanishika mkono kana kwamba nimerudi kutoka safari. Kaniachia dirisha siku nzima.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa mdogo wangu kujisifu. Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Karakana yake imejaa sponji na vitambaa mpaka mtu anatafuta pa kuweka mguu. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kochi la mteja, tumbo limefika mbele kabla yake, mwezi huu au ujao tutaitwa. Mdogo wangu alikuwa anatengeneza kitanda cha mtoto kwa mabaki ya mbao za makochi. Nikawasimulia yote, vita vyangu, walinzi wangu, daktari alivyoduwaa. Nikanyanyua shati kuwaonyesha mahali ini lilipo, japo nadhani niliwaonyesha tumbo.

Walifurahi kweli. Shemeji kanikaribisha chai na mkate. Kisha akasema na yeye roho yake imetulia, kwa sababu mumewe naye kakamilisha dozi, na mtoto atamkuta baba ana kinga. Mdogo wangu akapiga kifua. Kasema yuko kamili, anawaambia hata wateja wake.

Hapo nikaacha kutafuna. Maneno ya Sista yalinirudia yote. Chini ya mbili si mimi. Haijawahi kuwa mimi. Chini ya mbili ni huyu hapa, ana misumari midogo mdomoni, anapima kitanda cha mtoto wake.

Tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote. Tulinyolewa kwa wembe mmoja, mimi kwanza, yeye baadaye, na sote tulikuwa tunakatwa kwa kuwa hatutulii. Kilichonitembelea mimi hakikushindwa kuvuka shuka. Mimi nilikifukuza. Yeye je?

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema sponji hili ni zuri sana. Nikikiri kwa Sista, napoteza kazi, dirisha na ajabu yangu kwa mpigo mmoja. Nisipokiri, na kama kirusi kipo, kitamla ndugu yangu huku anapiga kifua. Nimerudi nyumbani nikitembea polepole. Mke wangu kasema nimepauka. Nikamwambia ni walinzi, wanabadilishana zamu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata mpango. Niliupata nikiwa nasuuza, kichwa changu hufanya kazi vizuri karibu na maji.

Kinachotakiwa ni mdogo wangu apimwe na Sista, kwa jina lake mwenyewe, kana kwamba ni bahati tu. Njia ni benchi. Lile benchi la Sista limechanika vibaya. Nimemwambia nina ndugu fundi makochi, atalishona bure kwa heshima ya huduma yake. Sista kafurahi. Kwa upande wa pili nimemwambia mdogo wangu kwamba Sista ana utaratibu wa kumpima damu kila fundi anayeingia pale, kama shukrani. Akauliza shukrani gani hiyo. Nikamwambia ndivyo wasomi wanavyoshukuru.

Halafu nikamdokeza Sista kwamba huyo ndugu siku hizi anachokachoka. Si kweli, mdogo wangu hachoki. Lakini Sista akisikia neno hilo lazima atafute sindano.

Wote wawili watadhani ni wazo lao. Najivunia sana.

Jumatano, 19 Machi

Mpango ulifanya kazi kwa muda wa kama kumeza mate.

Mdogo wangu kaingia na mkoba wake, kasalimia, kapiga magoti mbele ya benchi, kakunja mikono ya shati ili avute ngozi. Sista alikuwa anaandika. Alinyanyua macho, na wala hakumtazama usoni. Alitazama mkono. Akaweka kalamu chini.

Hili ndilo sikulijua, na nani angelijua? Hapa kazini sote tunavaa barakoa. Sista hashiki sura za watu, anashika mikono. Kila mshipa aliowahi kuuchoma anaukumbuka. Alimshika mdogo wangu kifundo, akabonyeza kwa dole gumba pale kwenye kiwiko, taratibu, kama mtu anayesoma. Kasema mshipa huu unaokata kona, wenye kovu la duara pembeni, ameutoa damu tarehe tatu mwezi huu. Bega la juu yake amelichoma mara tatu. Kisha akanigeukia mimi. Kasema wangu aliuona mara ya kwanza siku ile nilipoanguka, na tangu siku hiyo amekuwa akidhani uzee umemwingia kichwani.

Nikasema ni mambo ya ukoo, tumefanana mpaka mishipa. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilibaki nimeduwaa. Mikono yote ya hospitali hii, mwanamke mmoja anaibeba kichwani.

Hakunipigia kelele. Kasema onyo langu litakuja kwa wakati wake na mihuri yake yote. Kwanza nimwambie ndugu yangu. Yeye hasemi, niseme mimi, sasa hivi, mbele yake.

Nilisema haraka, nikitazama sponji. Nikasema ile damu iliyokosa walinzi ni yake, si yangu, na kwamba dozi tatu hazikufanya kitu, na kwamba pengine kuna sababu, na kwamba nimejua tangu Jumamosi. Mdogo wangu alikuwa bado amepiga magoti. Sikumbuki kama amewahi kunitazama hivyo. Hakunilaumu. Kauliza jambo moja tu, mtoto je.

Sista kamjibu kwa upole mno, sauti ambayo mimi sijawahi kupewa. Kasema shemeji aje apimwe leo leo. Mtoto akichanjwa siku ile ile anayozaliwa, na akamalizia dozi zake, atakuwa na kinga nzuri. Kirusi hakiambukizi kwa kula pamoja wala kukumbatia, kinapita kwenye damu na mambo ya ndani ya ndoa. Mtoto atapakatwa kama mtoto mwingine yeyote.

Mdogo wangu akanyoosha mkono. Alitazama sindano ikiingia mpaka ikatoka. Mimi nilitazama ukuta, kisha nikamalizia kulishona benchi mwenyewe. Limepinda.

Jumatatu, 24 Machi

Kipo.

Karatasi ya mdogo wangu ni kinyume cha yangu, ila mstari wa mwisho tu. Kirusi: chanya. Walinzi: hakuna. Walinzi wa kiini: chanya, maana hao huwa kwa aliyeshinda na kwa anayeishi nacho pia. Shemeji hana kirusi wala walinzi, kaanza chanjo leo, daktari kasema haimdhuru mjamzito. Nilimwona akichomwa. Nilisimama wima.

Daktari wa ini alituketisha ndugu wawili kwenye benchi langu lililopinda. Kasema kirusi hiki kikimkuta mtoto mchanga, mara nyingi mwili hauelewi kwamba ni adui. Unakiachia chumba. Kikimkuta mtoto aliyekua kidogo, mwili wake una uwezekano mkubwa zaidi wa kupigana nacho na kukitoa. Nani alimwambukiza nani, au kama kilitoka kwingine, hakuna wa kujua tena, wala tusipoteze usingizi.

Nimemtangulia mdogo wangu miaka minne. Kitanda kimoja, wembe mmoja, mama mmoja. Miaka minne tu. Nilikaa pale nikaona udogo wa kitu kilichotutenganisha.

Daktari kasema si hukumu. Ini linaonekana zima kwa sasa. Ijumaa atoe damu tena, wapime wingi wa kirusi na hali ya ini, halafu awe anaangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Dawa zipo siku zikihitajika. Mdogo wangu kauliza, kama kaka asingemtuma achomwe kwa niaba yake, angejua lini. Daktari kafikiri, kasema pengine baada ya miaka mingi, pengine kwa kuchelewa. Sista kanikazia macho ili nisijivune. Nilijivuna kidogo, kwa ndani.

Onyo langu limefika pia. Lina mihuri minne. Dirisha nimelipoteza moja kwa moja, nimehamishiwa kwenye kapu la kuchambua mashuka machafu. Pasi kaniletea mto wake, akarudi kunyoosha.

Jumatano, 26 Machi

Shemeji kapiga simu kazini. Mdogo wangu kasema Ijumaa haendi.

Nilitoka mapema nikaenda karakana. Alikuwa amekaa chini katikati ya sponji, hakuna redio, hakuna nyundo. Kitanda cha mtoto kimeshakamilika, kimesimama pembeni. Nikamuuliza tangu lini anaogopa sindano. Kasema sindano haogopi. Anaogopa karatasi. Mpaka juzi alikuwa mzima na sasa kila karatasi inampunguza. Kasema mtoto azaliwe kwanza, baba yake akiwa bado hajui virusi vingapi vimo ndani yake. Nikamwambia daktari kasema kujua ndiyo dawa ya kwanza. Kasema kaka, wewe ulianguka hata kabla ya kujua.

Sijawahi kumwona mdogo wangu akiogopa kitu. Moyo uliniuma hasa, si kwa mzaha. Nilikaa naye chini pale. Kisha akaegemeza kichwa begani kwangu, mtu mzima mwenye ndevu, kama zamani kitandani.

Ndipo nikautazama mkono wangu. Walinzi mia tatu na themanini. Kirusi hasi. Ini, kwa kadiri ninavyojisikia, la kupigiwa mfano. Damu kama hii inakaa tu ndani ya mtu wa mashuka, haimfaidii yeyote, wakati ndugu yangu anaumia kwa kuogopa karatasi moja.

Mpango umekuja wenyewe, na ni mzuri kuliko yote niliyowahi kupata. Ijumaa nitavaa koti lake la kazi lenye gundi, nitajipaka vumbi la mbao. Nitaitika jina lake. Nitatoa damu. Majibu yake yatatoka safi, shemeji atalala usingizi, mtoto atazaliwa amkute baba anacheka, na daktari atapata ajabu nyingine ya kuandika. Mdogo wangu sijamwambia, ataniambia sina dawa.

Najua Sista hushika mikono. Nimeshalifikiria hilo, mimi si mjinga. Wa kulia ndio aliouona. Wa kushoto hajawahi kuuona hata siku moja. Tangu nirudi nimekaa na sindano ya kushonea ya mke wangu nikijizoeza kuitazama, na nimeanguka mara moja tu. Ijumaa nitamnyooshea mkono wa kushoto, na sitafumba macho, kwa kuwa ni mdogo wangu.